Simu Aliyoipokea Mama Stamatia

Mama Stamatia alikuwa na mikono yote miwili ndani ya beseni la nyama ya kusaga. Akamtazama Verity toka kichwani mpaka viatuni, kisha akarudi kichwani.

"Mwanangu Lefteri ananiambia unakanda watu migongo."

"Ndiyo, mama."

"Kazi nzuri hiyo. Mimi nimeshona makoti ya watu kiwandani mpaka bega hili likakataa. Tukishakula utanikanda."

"Nitakukanda, mama," Verity alisema, na moyo wake ukashuka mpaka kwenye soli za viatu, kwa maana maishani mwake hakuwahi kumkanda mtu hata mmoja.

Ilikuwa sikukuu ya jina la Lefteri. Kwa Wagiriki waliohamia pale Oakleigh siku ya kuzaliwa ni mambo ya watoto. Mtu mzima husherehekewa siku ya mtakatifu wake, na hakuna anayealikwa. Watu wanajua tu. Toka asubuhi wanapiga simu za heri, na jioni wanajileta wenyewe na maboksi ya keki mikononi. Joto la Desemba lilikuwa limeingia mpaka ndani ya kabati. Lefteri mwenyewe alikuwa uani, kifua wazi, anageuza nyama ya kondoo kwenye makaa, na kila akiinua kichwa macho yake yalipita dirishani kumtafuta Verity. Akimpata anatabasamu. Alikuwa fundi wa vigae, mwanaume wa maneno machache, na usiku ule mbele ya shangazi zake wote alikuwa amepanga kusema kwamba anaoa.

Mama yake hakuwa amekataa. Alikuwa hajakubali tu. Alishamwambia Lefteri kwamba huyu si Mgiriki, kwamba amemzidi umri, na kwamba hata kwao hapajulikani, mama kafa na baba yuko mbali, mji wa Ballarat, hawaongei. Ndiyo maana Verity aliletwa mapema, kabla ya watu, ili atazamwe vizuri.

Na Verity alitaka kutazamwa vizuri. Alivaa gauni la maua. Akafuta rangi ya kucha. Lakini tangu aingie ndani ya ile nyumba kulikuwa na kitu kinamwasha kichwani, kama mtu aliyetoka nyumbani na kuacha jiko linawaka, na kila akikitafuta hakioni.

"Unaumwa?" Mama Stamatia akauliza.

"Hapana, mama. Joto."

"Joto gani. Panga sahani."

Sasa ukweli wa Verity ulikuwa hivi. Kwenye mtaa mmoja wa Collingwood, juu ya ghala la zamani la viatu, kuna chumba kinachokodishwa kwa saa, na ndani ya chumba kile yeye haitwi Verity. Anaitwa Bibi Octavia. Wanaume humlipa awaamrishe. Awapigishe magoti, awafunge kamba, awachape kama wamekuja kwa hilo, awaambie wanyamaze wakae chini. Hawamvui nguo wala hawamgusi. Wengi wao ni watu wanaoamrisha wenzao kazini kutwa nzima, na wanachonunua ni saa moja ya kutoamua kitu chochote.

Mwaka na zaidi alikuwa na Lefteri na hajamwambia. Mwanzo aliona mapema mno, na alipokuja kumpenda aliona amechelewa.

Kazi hiyo haifanywi kienyeji. Wanawake wanaoifanya wana taratibu zao, na ya kwanza ni ya simu. Kabla hujaingia na mteja unamwambia mwenzako umo chumba gani, na nani, mpaka saa ngapi. Ukitoka unampigia. Usipopiga, yeye anapiga. Asipokupata anamtafuta mwenye chumba, na akikosa huko kote anampigia mtu wa mwisho, yule ambaye uliacha jina na namba yake kwa siku ya balaa, halafu anaita polisi. Wa Verity alikuwa Gwenda, mama mmoja mtu mzima aliyemfundisha kufunga kamba, na simu hiyo hawajawahi kuikosa hata siku moja.

Asubuhi ile alikuwa na mteja mgeni. Hakupenda kumpokea siku kama ile, lakini Desemba ni mwezi mbaya, wateja wanarudi kwa wake zao mpaka shule zifunguliwe. Akampokea, akamaliza naye salama, akapanda treni. Alitaka kumpigia Gwenda akishuka, kwa sababu Lefteri alisema atamfuata stesheni adhuhuri. Lakini Lefteri alikuwa na hamu, aliwahi. Treni ikisimama tu Verity akamwona kwenye jukwaa na shati jipya, anapunga mkono. Na kwa vile ile simu yake ya kazi, ndiyo pekee Gwenda anayoijua, huwa haiwashwi kabisa mbele ya Lefteri, vidole vyake vikaizima vyenyewe na kuisukuma chini ya mkoba, akashuka akicheka.

Alikuwa ameshika uma nne mkononi pale jikoni kwa Mama Stamatia alipokumbuka.

Uma moja ikaanguka.

"Mkoba wangu uko wapi, mama?"

"Nimeuweka chumbani kwangu. Kwa nini?"

"Nataka dawa ya kichwa."

"Kwani mimi sina dawa? Fungua kabati hilo juu. Sasa hivi tunakula."

Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa imepita saa nane. Gwenda atakuwa amepiga, amepiga tena, na kila akipiga anaambiwa simu imezimwa. Atakuwa amemtafuta mwenye chumba, na mwenye chumba Jumapili huwa baharini hapokei simu. Verity akageuka kuelekea kule chumbani, dawa au si dawa, na hapo ndipo simu ya Lefteri ikalia juu ya meza.

Ilikuwa inalia toka asubuhi. Binamu, mafundi wenzake, padri, watu wa Sydney, watu wa Ugiriki. Na kila ikilia Mama Stamatia aliipokea yeye, kwa fahari, kwa sababu heri za mtoto ni heri za mama. Mikono yake ilikuwa na nyama, kwa hiyo alibonyeza kwa kiwiko kama alivyofundishwa, sauti ikatoka nje ikajaa jikoni.

"Haloo, asante, asante, na wewe pia," alisema kabla hajasikia chochote.

"Naomba kuongea na Lefteri," sauti ikasema. Ilikuwa inahema. "Wewe ni nani? Uko naye hapo?"

"Mimi mama yake. Yuko uani. Nani mwenzangu?"

"Mama, hunijui. Naitwa Gwenda, nafanya kazi na Verity. Asubuhi aliingia chumbani na mwanaume, mtu mgeni hatumjui, na tangu hapo hajatoka. Simu yake imezimwa. Mwenye chumba hapatikani. Niko kwenye gari nakwenda Collingwood, lakini mimi peke yangu siwezi kuvunja ule mlango. Mwambie aje. Mwambie naita polisi."

Mama Stamatia akainua uso. Verity alikuwa amesimama mbele yake, hatua mbili tu, mzima wa afya, na uma mkononi.

Na hapo Verity aliona njia ya kupita. Kunyamaza tu. Aseme baadaye kwamba ni mwendawazimu fulani, kwamba ni Verity mwingine. Lakini alimsikia Gwenda analia kule kwenye simu, analia huku anaendesha gari, Gwenda ambaye miaka mingi iliyopita alimngoja mwenzake mmoja apige na hakupiga tena.

"Gwenda," akasema. "Niko hapa."

"Verity?"

"Niko mzima. Nilisahau kupiga. Nisamehe, dada."

Ikasikika honi ya gari la mtu mwingine.

"Umesahau," Gwenda akasema polepole. "Mimi nimekuona umekufa, mdogo wangu. Nimeshakuona sakafuni. Nimeshafikiria gauni la kukuzika, na huna hata gauni la maana. Umesahau?"

"Nisamehe."

"Sikusamehei leo. Ngoja nisimamishe gari kwanza." Akakata.

Verity alipogeuka, Lefteri alikuwa mlangoni. Koleo la nyama mkononi, jasho kifuani. Kwa uso wake ilionekana amesikia toka jina la Verity lilipotajwa.

"Chumba gani?" akauliza.

"Lefteri."

"Chumba gani uliingia na mwanaume asubuhi?"

Hakupandisha sauti, na Verity akaogopa zaidi kuliko kama angepiga kelele. Mama Stamatia alitoa mikono kwenye beseni, akaenda kwenye sinki, akafungulia maji, wala hakuanza kunawa. Alisimama tu, maji yanamwagika.

Verity akasema. Hakupamba. Alisema jina la Bibi Octavia mbele ya yule mama, akasema kamba, akasema mijeledi, na kila neno likitoka aliona limekaa mezani katikati ya sahani, halitoki tena. Alisema hawamgusi. Akalisema hilo mara mbili.

Mama Stamatia akageuka.

"Subiri kwanza. Wanakupiga?"

"Hapana, mama. Mimi ndiye ninayewapiga."

"Wewe?"

"Ndiyo."

"Wanaume wazima?"

"Ndiyo, mama."

"Na wanalipa wao?"

"Wanalipa wao."

Yule mama akafunga maji. Midomo ilimcheza, na kwa muda mfupi Verity alidhani anataka kucheka, labda hata yeye mwenyewe alidhani hivyo. Kisha uso ukajifunga. "Baba yake Lefteri mimi ningempiga bure," akasema, lakini hakumtazama mtu.

"Mama, nyamaza," Lefteri akasema. Alikuwa bado na koleo. "Kwa hiyo una pesa zako mahali. Mimi natafuta mkopo wa nyumba nakosa usingizi, na wewe unapiga matajiri."

"Pesa zipi?" Verity akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda kidogo. "Ningekuwa na pesa ningempokea mtu nisiyemjua siku ya sikukuu yako? Chumba nakilipia aje mteja asije. Mtu anakuomba miadi, anakuandikia wiki nzima anataka umjibu hiki na kile, na siku ikifika haonekani. Matangazo nalipa. Mashuka nafua mimi. Benki walipojua ninafanya nini walinifungia akaunti, nikalala siku kadhaa sina hata nauli. Nyumba nimepanga kwa kudanganya kazi. Na hili bega, lile ulilolipaka dawa wewe ukidhani ni kuogelea, ni kazi. Likishindwa, hakuna kiwanda cha kunilipa pole."

Mama Stamatia aliposikia habari ya bega alitazama chini.

"Ungeniambia," Lefteri akasema.

"Ungebaki?"

"Sijui. Hukunipa nafasi ya kujua." Akaweka koleo mezani taratibu, kama anaweka kigae. "Na huyo mama mwenye gari. Namba yangu kaipata wapi?"

Hilo ndilo swali alilolikimbia Verity. Akakaza uma mkononi mpaka zikamwuma.

"Kila mmoja wetu anaacha jina la mtu. Mtu wa kuambiwa kama... kama hatukutoka. Zamani pangu palikuwa wazi. Gwenda alinisema sana, nikamwambia sina mtu wa kuandika. Tulipomaliza miezi mitatu mimi na wewe nikampa jina lako." Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta. "Kama ningekufa nilitaka uambiwe wewe. Sikufikiria utaambiwaje. Nilifikiria tu kwamba wewe ungekuja."

Lefteri alimtazama. Mwaka mzima Verity alikuwa ameyasoma yale macho, anajua yakiwa na usingizi, yakiwa na njaa, yakimtaka. Haya hakuyajua.

Nje nyama ilianza kuungua na hakuna aliyekwenda.

Mama Stamatia ndiye aliyeongea. "Sikiliza, binti. Sina ubaya na wewe. Nimeshona pamoja na wanawake wa kila namna, na wengine walifanya mengi ili watoto wale. Lakini jioni dada za mume wangu wanakuja hapa. Watakaa kwenye kiti hiki, wataniuliza huyu ni nani, anafanya nini. Mimi sijui kudanganya. Uso wangu unasema kabla yangu. Sitaki waambiwe leo, ndani ya nyumba hii, siku ya jina la mtoto wangu."

"Nimeelewa, mama."

"Basi uende kabla hawajafika."

Verity akaenda chumbani kuchukua mkoba. Kitanda kilikuwa na shuka jeupe lililotariziwa, na picha ya marehemu baba yake Lefteri ukutani ikimtazama. Aliporudi, Lefteri alikuwa amevaa shati, na funguo za gari ziko mkononi.

"Unakwenda wapi?" mama yake akauliza.

"Nampeleka."

"Treni zipo. Watu wanakuja kwa ajili yako, Lefteri. Nitawaambia nini?"

"Waambie nimempeleka Verity."

"Watauliza Verity ni nani."

Verity akangoja, mkoba umeshikwa kifuani. Lefteri akafungua mlango tu, joto likawapiga usoni, na wakatoka.

Toka Oakleigh mpaka Footscray, alikopanga Verity, ni mwendo. Gari lilinuka saruji na vumbi la vigae kama siku zote. Simu ya Lefteri ilikuwa inalia mfukoni, inanyamaza, inalia tena, watu na heri zao. Verity alikuwa anatazama mikono ya Lefteri juu ya usukani, zile kucha zenye nyufa nyeupe, na kila taa nyekundu ilipowasimamisha alishukuru, na ilipogeuka kijani moyo ulimdunda. Aliogopa kufika. Aliogopa ile namna atakavyosema kwaheri, kwa upole, kwa sababu Lefteri hakujua kusema kitu kwa ukali.

Kwenye daraja, pale unapoziona meli za makontena zimejipanga, Lefteri akasema, "Kule chumbani kwako, wanakuja wazee?"

"Wa kila namna."

"Na wewe unaipenda?"

Angeweza kusema ameshikwa na shida. Ndicho ambacho mwanaume yeyote angependa kusikia.

"Siku nyingine naipenda," akasema. "Kuna mmoja mke wake amefariki, ananijia miaka. Anataka tu aambiwe akae, asiulizwe chochote. Akiondoka mgongo umenyooka. Siku kama hiyo naipenda. Siku za kuandikiwa matusi na watu wasiolipa siipendi."

Lefteri akaitikia kwa kichwa kana kwamba ameambiwa bei ya mchanga.

Wakafika. Alisimamisha gari mbele ya nyumba ya Verity, chini ya nyaya za umeme, lakini hakulizima. Injini ikawa inanguruma. Mtu akisimamisha gari akaliacha linawaka, Verity aliwaza, ameshaondoka tayari. Kilichobaki ni mwili wake. Akatia mkono kwenye kitasa cha mlango.

"Una watu nyumbani," akasema. "Nenda. Nitaelewa."

"Nyamaza kidogo."

Akaondoa mkono kwenye kitasa.

"Mama aliposema na yule mwanamke, mimi nilikuwa uani," Lefteri akasema. Alikuwa anatazama mbele, barabarani, ambako hakukuwa na kitu. "Nikasikia polisi, nikasikia jina lako. Nilikuwa nimetoka kukuona dirishani, najua uko ndani, unapanga sahani. Lakini mwili haukujua. Nimefika pale mlangoni nakuona umesimama na bado nilikuwa nakutafuta. Nataka kukuuliza kitu kimoja. Usinijibu kama unavyowajibu wale."

"Uliza."

"Huyu wa leo. Uliogopa?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Gwenda hakuuliza kwa sababu anajua. Wateja walidhani yeye ndiye wa kuogopwa, na hicho ndicho walicholipia. Jibu alilolizoea lilikuwa tayari mdomoni, hapana, mimi siogopi, kwani mimi ni nani. Akalirudisha.

"Niliogopa," akasema. "Naogopa kila mlango unapofungwa. Kamba ninashika mimi, fimbo ninashika mimi, lakini mle ndani mimi ni mwanamke mmoja na yeye ni mwanaume mmoja, na kamba zote zinanisaidia kama yeye amekubali kufungwa. Na leo niliogopa zaidi jikoni kwa mama yako kuliko nilivyoogopa kule. Na sasa hivi naogopa kuliko jikoni."

Mkono wa Lefteri ukatoka kwenye usukani ukashuka kuelekea kwenye ufunguo na gia, ambavyo kwenye lile gari la kizee vimekaa karibu karibu, na Verity akafumba macho, kwa sababu hakutaka kuona unakwenda kushika kipi.

Injini ikanyamaza.